Zamu ya Salale

Redio ilianza kuita kabla Abbasi hajairudishia kristali.

Mtu mwenye akili timamu angetoka nje hapohapo. Kristali ndiyo inayoipa redio koli, ile ya kuitana na kujibizana hewani, masafa yake. Bila hiyo ni boksi la bati tu. Abbasi alikuwa amezichomoa zote za ile kampuni ya kuvua kamba ya Salale, kule kwenye mikoko, iliyofungwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, na vyombo vyake kuuzwa kama vyuma chakavu. Yeye alichukua redio mbili azipange upya kwa masafa ya watu wa ridhaa, wale wanaozungumza hewani kwa kupenda tu. Moja alishampelekea rafiki yake Mudrick kule Kibiti. Ya pili ndiyo hii, mezani kwenye kibanda chake cha ufundi pale Bungu, jua la adhuhuri likiwaka barabarani.

"Kituo chochote," sauti ya mwanamume ilisema kwa uchovu. "Kituo chochote kinachonisikia, nipokeeni zamu. Nimekaa sana."

Abbasi na Mudrick walikuwa watu wa redio tangu ujana wao, kwenye kiwanda cha mbao. Kazi ile ina adabu yake: aliye kitini haondoki mpaka mwenzake atamke kwamba ameshika zamu, maana kuna watu majini, kwenye mashua za magogo, wanamtegemea. Na mwenzako akichoka, humuulizi maswali mengi. Ustaarabu huo ndio uliomponza.

"Nenda kapumzike, kaka," alijibu. "Zamu nashika mimi."

Mtu yule alishusha pumzi ndefu. "Ahsante. Mwambieni mama yangu, Kondo ametoka."

Harufu ya tope la mikoko ikaingia kibandani, mahali pasipo na hata kijito. Abbasi alimfahamu Kondo. Ndiye aliyekuwa mtu wa redio Salale. Walimkuta amekufa kitini, wakasema homa.

Aliinuka akimbie. Mlango ulikuwa wazi, muuza korosho akitaniana na utingo wa lori hatua chache tu kutoka pale, Abbasi akaufuata, lakini kila alipokaribia kizingiti miguu iligeuka yenyewe kama ya ng'ombe aliyezoea zizi, ikamrudisha mpaka kitini, akaketi, akainuka, akaketi tena, jasho likimtiririka, na nyuma ya shingo yake kitu kisichoonekana kikawa kinapumua taratibu, kwa ubaridi, pumzi ya kitu kisicho na haraka.

Sabra, mkewe, alikuja na mtoto mgongoni, akaona, akaenda mbio kumleta mganga, Mzee Muhidini. Mzee alifukiza ubani, akasoma. Moshi haukupanda, ulilala sakafuni. Mzee mwenyewe hakuvuka kizingiti.

"Ni jini wa mkokoni," alinong'ona. "Huyu hataki mbuzi. Anataka mtu wa kukaa. Hutoki, mwanangu, mpaka mwingine akupokee kwa kinywa chake, kwa hiari yake."

"Basi nitampoke..." Sabra alianza.

"Nyamaza, mke wangu," Abbasi alisema. "Huyo mgongoni atanyonya kwa nani?"

Sabra akafunika mdomo kwa khanga, akalia kimyakimya.

Ndipo redio ileile, tupu bila kristali, ikaita kwa sauti ya uchangamfu.

"Abbasi wa Bungu, huku Mudrick, Kibiti. Mtambo wako unaimba, fundi. Wanipata?"

Abbasi alibonyeza kitufe cha kusemea. Alikusudia kumwambia aizime, akaitose mtoni. "Mudrick," alisema, na sauti ikamkatikia.

"Mbona umechoka hivyo? Kapumzike, bwana. Zamu nashika mimi."

Pumzi ile shingoni ikasita, kama inasikiliza. Neno "hapana" moja tu lingetosha. Kidole cha Abbasi bado kilikuwa juu ya kitufe. Akamtazama mwanawe, amelala, shavu kwenye mgongo wa mama yake.

Akaondoa kidole.

Miguu ikamtii. Alitoka, mchanga ukamchoma nyayo, akaufurahia. Harufu ya tope ilikuwa imekwisha. Sabra alimshika mkono, analia na kucheka.

"Abbasi," redio iliita nyuma yao. "Hivi huku kwangu pananuka nini? Abbasi. Mlango nauona, ila... Abbasi, nipokee, kaka."

Sabra akasimama. "Rafiki yako anakuita."

"Twende nyumbani," Abbasi alisema.