Zamu ya Kumgeuza Mama

Jirani zangu, nimechoka kuisimulia habari hii. Naisimulia tena kwa sababu naona nyumba nyingine zinaelekea huko huko.

Nyumba yangu na ya fundi simu zinatenganishwa na ukuta mmoja. Asubuhi zao zilikuwa tulivu. Dada yake fundi alimwosha mama yao, akamlaza ubavu, kisha akaenda hotelini anakofua mashuka. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono mmoja tu ndio uliomtii, na sauti haikuvuka mlango. Daktari aliagiza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo ungechubuka mpaka kuwa kidonda. Wakagawana zamu: mchana ikawa ya kaka, yaani fundi, anayefanyia kazi sebuleni. Ukutani wakabandika karatasi yenye saa za kila siku. Ukimgeuza mama, unatia alama.

Kisha mchezo mmoja wa video ukaingia kwenye kompyuta ya fundi. Siutukani, una hadithi tamu. Siku moja alinionyesha.

"Ona, jirani, hapa tunapigana kwa zamu. Nikiondoka, zimwi linaningoja nirudi."

"Lina adabu kuliko wateja wako," nikamwambia, tukacheka.

Akanionyesha bibi kipofu aliyekwama mlimani. Unachagua mwenyewe: umbebe, au umwache ufike haraka.

"Nimembeba," akasema, machozi yakimlengalenga. "Moyo umekataa kumwacha."

Wakati huo huo mama yake aligonga kitanda kwa kijiko. Ndivyo alivyoita.

"Naja, mama! Namalizia zamu yangu!"

Sikumwona akiinuka. Nami nikaaga, nikaenda zangu.

Kijiko kile nilikisikia ukutani wiki nyingi. Nilijiambia, mwenyewe yupo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Dada mtu alikuwa akirudi anaikuta karatasi imejaa alama. Hata hivyo alimwuliza mama, "Kaka amekugeuza?" Mama aliinua kidevu: ndiyo. Alikuwa anamfichia mwanawe. Mgongo ulipoanza kuchubuka, dada akalaumu sabuni. Alibadilisha sabuni mara tatu, akasuuza mashuka ya mama zaidi kuliko ya hotelini. Masikini, kufua ndiyo kazi aliyoijua.

Asubuhi moja mama aliamka anachemka homa. Dada hakwenda kazini. Aliibandua karatasi ukutani amwonyeshe daktari, wakampeleka hospitali yeye na kaka yake. Muuguzi alifunua mgongo, akauliza, "Huyu mama anageuzwa kweli?"

"Anageuzwa," dada akajibu kwa ukali, akaikunjua karatasi. "Soma mwenyewe."

Muuguzi akasoma. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne asubuhi, na alama za saa sita, saa nane na saa kumi za siku hiyo zilikuwa zimeshatiwa. Fundi alikuwa akizitia zote asubuhi, asikatizwe mchezo.

Dada mtu akaweka kidole juu ya alama ya mwisho.

"Kaka," akasema, "saa kumi bado haijafika."

Kidonda kilikuwa kimeshafika mfupani. Mama alifariki siku ya tatu.

Nilipokwenda kuwapa pole, nilimkuta fundi sebuleni, kompyuta iko wazi. Zimwi limesimama pale pale, na chini yake maandishi: Ni zamu yako.

"Sijaligusa tangu siku ile," akaniambia. "Bado linaningoja, jirani."

Dada yake alikuwa chumbani, anakunja mashuka. Kijiko kilikuwa bado juu ya kitanda.

FUNZO

Mchezo hukungoja, mgonjwa hawezi. Kumhurumia bibi wa kwenye kioo ni rahisi, kwa sababu humbebi kwa mgongo wako. Ukipewa zamu ya kumtunza mtu, inuka umtunze kwanza, ndipo utie alama. Na wewe jirani unayesikia kijiko kikigonga, usiseme mwenyewe yupo. Mimi nilisema hivyo. Nenda ukabishe hodi.