Birika la Maud

"Mwendo wa mlengwa?" makao makuu yaliuliza sikioni.

"Wa bata," Maud Pickering alijibu kwenye kipaza sauti kilichofichwa kolani. "Tena bata wametangulia."

Alikuwa juu ya baiskeli yake ya Brompton, kwenye njia ya ukingoni mwa mfereji, bastola ya Glock chini ya koti la mvua. Mbele ilikwenda boti nyembamba ya Desmond Quill, mlanguzi wa silaha. Mitambo ya kuongozea makombora ilikuwa chini ya magunia yake ya makaa. Nyuma yake, boti ya pili, na wapelelezi wawili waliojifanya maharusi.

Bwana harusi alikuwa Clive. Mume wa Maud.

Bibi harusi alikuwa Tamsin, mgeni kazini, mwingi wa kucheka.

Boti yenyewe ilikuwa ya Maud, ameachiwa na shangazi yake. Hata birika lililofuka pale juu lilikuwa lake.

"Clive, mkono wako uko wapi?"

"Kwenye usukani, mpenzi."

"Na katikati ya mkono na usukani kuna nini?"

"Mkono wa Tamsin. Namfundisha tu. Ni kazi, Maud!"

Kazi! Usukani huo huo Maud ndiye aliyemfundisha Clive, siku za fungate yao.

Makao makuu yakaingilia. "Mzuieni kabla ya handaki. Mle ndani hakuna njia ya miguu, na lori lake linamngoja ng'ambo. Msifyatue risasi, watembeza mbwa wamejaa."

Quill aliingia kwenye lango la maji, pale boti zinaposhushwa. Maud akaitupa baiskeli, akachomoa mkono wa chuma wa kufungulia maji.

"Nikusaidie, kaka?"

Mferejini hakuna anayekataa msaada huo.

"Utakuwa umeniokoa, dada," Quill alisema, macho kwenye simu.

Tezi, sehemu ya nyuma ya boti yake, ilikuwa bado nyuma ya mstari mweupe wa ukutani. Chini yake kizingiti cha mawe kilikuwa kimejificha majini. Mwenyeji yeyote angepiga kelele.

Maud hakupiga. Alizungusha.

Maji yakashuka. Omo, sehemu ya mbele, ikashuka nayo. Tezi ikabaki juu ya kizingiti.

Magunia yakaporomoka, na Quill akaporomoka nayo mpaka mbele. Maud akafunga maji kabla boti haijazama.

"Dada, umeniua!"

"Bado. Mikono juu, kaka."

Polisi wakafika, wakamtia pingu. Lori nalo likakamatwa. Lango likajazwa tena, boti ya Quill ikaelea, ikavutwa pembeni.

"Kazi safi," yakasema makao makuu. "Misheni imekwisha."

Maud akageuka. Misheni imekwisha, na mkono wa Clive ulikuwa pale pale.

"Chai, bosi?" Tamsin akauliza, birika kwenye mkono wake mwingine.

"Weka chini. Shukeni wote wawili. Clive, nifungulie maji."

Clive akafungua mbio mbio, akidhani amesamehewa. Maud akapanda boti yake, akaiingiza langoni, akaiweka tezi mbele ya mstari mweupe, akashuka salama, akatoka.

Ubaya wa mfereji ni kwamba huwezi kumkimbia mtu. Clive alitembea ukingoni, sambamba naye, akibembeleza.

"Mke wangu, jamani! Ulikuwa mchezo tu!"

"Nani alikuwa akikutazama, mpaka uendelee kucheza?"

Njia ikaishia mdomoni mwa handaki, na Clive akaishia hapo.

"Maud! Nimekosa!"

"Nimekupata," alijibu redioni, akaizima.

Akawasha taa ya omo, akaimwaga chai ya Tamsin mferejini, akateleka maji mapya.