Kuni za Mama Nsimire

Jumamosi ile ya Februari 2016 ilikuwa na jua zuri. Josiane alishuka kwenye gari la mdogo wake Bagula akijinyoosha mgongo, baridi ya Buffalo, anakoishi, bado imo mifupani. Hapa Tucson, ukingoni mwa jangwa, nyumba zilikuwa mpya, zote rangi ya udongo, na nyuma ya ukuta wa mwisho mtaa ulikatika ghafla: mawe, miiba, kisha milima mikavu isiyo na mtu.

Huko ndiko alikopotelea mama yao, Nsimire, mwaka uliotangulia. Alitoka asubuhi kwa miguu, akaupita ule ukuta, asionekane tena. Polisi walitafuta mpaka wakakata tamaa.

Na nani alimpeleka kikongwe wa Bukavu jangwani? Josiane mwenyewe. Mimba zake mbili ziliharibika, wenzake wa chumba cha maombi wakanong'ona kwamba mlozi yumo humo humo ndani, ni mama anayeishi naye, naye akaamini. Akamnunulia mama kitenge kipya cha kijani, akamdanganya kuwa anakwenda kumsalimia Bagula wiki mbili tu. Mama alipopotea, Josiane akawaambia watu wa Buffalo kwamba mama amerudi Bukavu. Kwa hiyo kilio hakikufanyika. Utamlilia vipi mtu uliyesema yu hai?

Bagula alifungua gereji. Hapakuwa na pa kuingiza gari. Kuni zilijaa mpaka darini, tita juu ya tita.

"Kila asubui tunapata moja ku mulango," alimnong'oneza dada yake. "Na hapa tunapikaka na umeme, yaya."

"Ni majirani."

"Majirani banajua kufunga kuni na mugozi?"

Josiane akatazama. Kila tita lilikuwa na mkanda wa kubebea kwa paji la uso, kama wanavyobeba wanawake wa kwao. Kama alivyobeba mama.

"Kwetu kuni zinapelekwaka wapi? Ku kilio. Mama anajiletea za kilio chake. Bon, ambia watu wako ukweli, yaya. Tumulilie."

"Nitaweka wapi uso?"

Aibu ilimchoma mpaka masikioni, lakini alikataa.

Jioni, jua likizama, alisimama dirishani. Mtu alikuwa akishuka kutoka milimani. Mdogo. Ameinama. Mzigo mgongoni. Hakuinua kichwa. Josiane akavuta pazia. Akangoja. Kitu kikatuliwa mlangoni, taratibu. Hodi haikupigwa. Hivyo hivyo ndivyo mama alivyoishi miezi ya mwisho kwa Josiane, mtaa wa Riverside kule Buffalo, akiingia jikoni kwa kuomba radhi. Josiane alilia, ila mlango hakuufungua.

Kesho yake alipanda ndege. Usiku huo Buffalo ilianguka theluji nyingi, naye akalala vizuri, akijua jangwa liko mbali.

Asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Mukabutera, wa chumba cha maombi. Josiane alipofungua, mwenzake hakumtazama. Alikuwa anatazama chini.

Tita la kuni. Kavu, lenye vumbi jekundu na miiba mirefu. Mkanda wake ulikuwa kipande cha kitenge cha kijani. Theluji ilifika magotini, na nyayo zilizokuwa juu yake zilikuwa za Mukabutera peke yake.

Mukabutera akavua kofia, akashusha sauti, kama mtu yeyote wa kwao anayekuta kuni zimetuliwa mlangoni.

"Pole, Josiane. Nani amekufa?"