Dakika ya Nne

"Gadiel, hebu sikiliza hapa dakika ya nne."

"Eli, ndiyo kwanza natoka kazini. Nipe hata chai."

"Sikiliza kwanza."

Nikabonyeza simu. Sauti yake, huyu mchumba wangu, ilikuwa inafundisha kupogoa kahawa, imenyooka kama ya redioni. Ghafla ikakatika. Kikasikika kikohozi, kisha baba yangu akasema: "Elinipa, mwanangu, sogea, kivuli chako kimefunika tawi."

Gadiel akaketi kitandani, humo chumbani kwake Sekei. Chai haikutajwa tena.

Video ile niliirekodi mimi, shambani kwetu juu ya Kikatiti, miezi miwili kabla baba hajafariki. Nikaiweka kwenye maktaba ya walimu mtandaoni ili wanafunzi wa Kilimo waipate bure. Sharti lilikuwa moja: ichukue, ikate, itumie utakavyo, ila majina ya walioitengeneza yabaki. Yalikuwa mawili, Mzee Sifaeli na binti yake. Sasa lilikuwepo moja tu, la Gadiel, na sauti yake ilikuwa imewekwa juu ya ya baba.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Mwanafunzi wangu. Soma."

*Shikamoo madam. Hii video ya Mwl. Gadiel, mbona kuna babu anakuita wewe?*

"Si ulisema ni bure, Eli?"

"Bure ndiyo. Nilisema umfute baba?"

"Nilisafisha sauti tu. Mzee anakohoa, Kiswahili kachanganya na Kimeru. Na wameshaniita semina ya walimu kwa ajili ya hiyo kazi. Nikipanda cheo mimi, si tumepanda wote?"

Nililia, sitaki kudanganya. Nilimpenda huyu mwanaume, ndiyo maana iliniuma hivyo. Ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja.

"Rudisha majina kabla ya ibada ya Jumapili. Ukirudisha nimekusamehe, na sitakukumbushia maisha."

"Naapa, mpenzi."

Jumapili tukiwa tumeshakaa kanisani, ujumbe ukaingia. *Nimerekebisha. Angalia. Nakupenda.*

Moyo ukatulia. Nikafungua pale pale kwenye benchi, mama akinikata jicho. *Imeandaliwa na Mwl. Gadiel na Mwl. Elinipa.* Nikashuka mpaka chini ya ukurasa, nikapanda tena. Sifaeli hakuwepo. Nikapunguza sauti, nikaweka simu sikioni. Dakika ya nne, kimya. Hata ile sentensi aliyoisahau mwanzo, sasa alikuwa ameikata.

Nikamwandikia: *Na baba?*

Alikuwa benchi la mbele yangu. Nilimwona akiinama kuandika. *Mkulima tu Eli, watu wa semina watamwelewaje? Tutaongea nyumbani.*

Mchungaji akafungua daftari.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, natangaza ndoa ya Gadiel Yona na Elinipa Sifaeli. Mwenye pingamizi aseme sasa."

Nikasimama. Mama akadaka gauni langu kwa nyuma.

"Kaa chini, wewe mtoto!"

"Mchungaji, mimi ninalo."

Kanisa zima likageuka. Mchungaji akavua miwani.

"Wewe? Bibi harusi mwenyewe?"

"Ndiyo, Mchungaji. Wewe umelisoma jina la baba yangu mbele ya watu wote. Huyu anayenioa amelifuta mara mbili, kwa sababu baba alikuwa mkulima tu."

Gadiel akageuka. "Eli, jamani, siyo hapa…"

"Mzee Sifaeli kafutwa wapi?" mama akaninong'oneza.

Nikampa simu. Akasoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye *mkulima tu*, aliachia gauni langu, akasimama na yeye.