Fundi Makochi na Neno "Marejesho"

Mtaani walimwita Sponji. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi, na kila alipokwenda, chembe za sponji zilikwenda naye. Zilikuwa kwenye nywele, mfukoni, hata kwenye chai. Mkewe alizoea kumwambia, "Jipukute kabla hujaingia ndani. Siku moja nitakukalia nikidhani ni kochi."

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao ya kupanga. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha Sponji na mkewe, kingine cha Bibi. Bibi ndiye aliyemzaa mke wa Sponji. Alikuja kutibiwa magoti, akabaki, na hakuna aliyemuuliza ataondoka lini.

Kila kochi lilipokaribia kwisha, Sponji alimwita.

"Mama, njoo ukae."

Bibi alikaa. Alijisogeza kulia, akajisogeza kushoto.

"Huku kushoto nazama."

"Kweli, Mama?"

"Nikudanganye ili iweje? Nazama. Ongeza kitu hapo."

Sponji alifumua na kuongeza. Hakuwahi kubishana na makalio ya mama mkwe wake, kwa sababu yalikuwa hayakosei.

Bibi alikuwa akipata malipo ya wazee kutoka serikalini. Zamani alikwenda ofisi ya mtaa, anaweka dole gumba, anapewa bahasha. Pesa hizo zilimnunulia dawa za presha. Zilinunua pia sukari ya nyumba nzima. Hilo la sukari alilipenda sana. Mtu akisifu chai, Bibi alidakia, "Sukari ni yangu hiyo."

Kisha utaratibu ukabadilika. Bahasha zikaondolewa. Malipo yakawa yanaingia kwenye simu, na kila mzee akatakiwa kuandikisha mtu wa nyumbani anayemtunza. Huyo aliitwa mtunzaji. Sponji alijiandikisha yeye. Mambo yakaenda vizuri.

Siku moja redio ilitangaza jambo jingine. "Msimu wa kuwasilisha marejesho ya kodi umefika. Kila mwenye namba ya mlipakodi awasilishe marejesho yake kabla ya mwisho wa mwezi ujao."

Sponji alikuwa na namba hiyo. Aliipata alipopewa kazi ya kushona viti vya zahanati. Lakini aliendelea kupigilia misumari.

"Umesikia?" mkewe aliuliza.

"Nimesikia. Watu wanaitwa wakarejeshewe pesa zao."

"Na wewe huendi?"

"Nikarejeshewe nini? Sijamzidishia mtu. Siendi kupanga foleni nidai kisicho changu."

Mkewe alimtazama, akajisikia vizuri kuolewa na mtu wa aina ile. Ni kweli, Sponji alikuwa mwaminifu. Lakini alikuwa amekosea. Mtu anaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mwezi uliofuata malipo ya Bibi hayakuingia. Ukaja ujumbe tu. Mkewe aliusoma kwa sauti wakati wa chakula cha jioni.

"Malipo yamesitishwa. Mtunzaji hajawasilisha marejesho."

Sponji aliweka kijiko chini.

"Rudia."

Alirudia.

"Marejesho," Sponji alisema polepole. "Kumbe wanataka turejeshe."

"Turejeshe nini?"

"Pesa za Mama. Wanasema mimi mtunzaji sijazirejesha."

Bibi aliuliza, "Zote? Tangu nilipoanza kupewa?"

"Hawajasema, Mama. Kula."

"Lakini zote zilishakuwa sukari."

"Kula, Mama."

Kama Sponji angekwenda kuuliza ofisini, habari ingeishia hapo. Hakwenda. Aliona aibu, na aliogopa kwenda mikono mitupu. Watu wengi hufanya hivyo. Tunaogopa dirisha la ofisi kuliko tunavyoogopa hasara.

Badala yake alimpigia simu fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Fundi huyo alikuwa akikitamani siku nyingi cherehani kikubwa cha Sponji, kile cha kushona ngozi. Walielewana bei. Angekuja kukichukua Jumamosi.

"Na utashona na nini?" mkewe aliuliza.

"Na mkono."

"Ngozi, kwa mkono? Kochi moja litatuzeesha."

"Sasa nifanyeje? Niache wamsumbue mama yako?"

Walikuwa wakinong'ona, lakini kati yao na chumba cha Bibi palikuwa na pazia tu, na Bibi alikuwa mgonjwa wa magoti, si wa masikio.

Jumamosi asubuhi Sponji alimkuta Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda. Amevaa viatu. Pembeni yake kulikuwa na bonge la furushi.

"Mama, safari ya wapi?"

"Naenda kumsalimia kaka yangu."

"Na mashuka yote?"

"Kwa kaka yangu kuna baridi."

"Na sufuria?"

Bibi aligeuka ukutani. "Wakinikosa hapa, hawatakudai wewe. Watamwambia nani arejeshe? Mimi ndiye niliyekula. Na wewe utabaki na mashine yako."

Sponji alipiga magoti sakafuni akaanza kumfungua kamba za viatu. Vidole vyake vilizoea sindano nene na kamba ngumu, lakini fundo lile lilimshinda. Mkewe alisimama mlangoni akijifuta macho na ncha ya kanga.

"Hodi humu! Fundi, benchi langu liko tayari?"

Alikuwa jirani yao, msusi, mwenye saluni nyumba ya tatu. Alikuwa amekuja kuchukua benchi la wateja wake. Alipitiliza mpaka ndani kama alivyozoea, akakuta mwanaume amepiga magoti na kiatu cha mama mkwe mkononi.

"Jamani. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," Sponji alisema. "Serikali inataka pesa zake."

Mkewe alimpa simu. Msusi alisoma ule ujumbe. Akausoma tena. Kisha akaketi sakafuni akaanza kucheka.

"Unatucheka?" mke wa Sponji aliuliza kwa ukali.

"Hapana, mwenzangu. Nisamehe. Nacheka kwa sababu hata mimi neno hili lilinichezea. Bibi, vua viatu. Hakuna anayekudai hata senti."

"Imeandikwa marejesho!" Sponji alisema.

"Ndiyo. Marejesho si kurudisha pesa. Wala si kurudishiwa. Ni taarifa. Mkeo akirudi kutoka kazini jioni, si anakueleza siku ilikwendaje?"

"Ananieleza. Mpaka nasinzia."

"Basi hayo ndiyo marejesho. Unaieleza serikali mwaka wako ulikwendaje. Ulipata kiasi gani, ulitumia kiasi gani kwenye kazi, ulibaki na nini. Umerejesha habari. Pesa utalipa ikiwa tu hesabu inasema ulipe."

Sponji bado alikuwa ameshika kiatu. "Na pesa za Mama zinaingiaje hapo?"

"Ni utaratibu mpya. Msimu ukishafunguliwa, mtunzaji mwenye namba ya mlipakodi ambaye bado hajapeleka taarifa yake, malipo ya mzee wake yanasimama. Akipeleka, yanafunguliwa. Mimi mwaka jana saluni haikuingiza faida, nikasema sina cha kupeleka. Nikapigwa faini. Si kwa sababu nilipata, ni kwa sababu nilinyamaza."

"Kwa hiyo sidaiwi?"

"Hilo sijui. Mimi ni msusi. Ofisi ya kodi wana dawati la msaada, na msaada ni bure. Mwisho wa mwezi ni Jumanne, kwa hiyo Jumatatu uwe pale. Sasa hivi tafuta risiti zako. Na wasikudanganye pale nje ya ofisi, kuna watu watataka namba yako ya siri ili wakujazie. Usimpe mtu."

Mlango ukagongwa. Alikuwa yule fundi wa mtaa wa pili, na mkokoteni.

"Nimefuata mashine."

"Haiuzwi," Sponji alisema.

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nikiwa mjinga. Ingia unywe chai."

Kazi ya risiti haikuwa rahisi. Sponji alikuwa hazitunzi. Moja ya kitambaa alikuwa amefungia misumari. Nyingine alikuwa ameipachika chini ya mguu wa meza isiyumbe. Zile zilizopotea aliziomba upya dukani, na muuza sponji akampa nakala huku akinung'unika.

Mapato nayo hayakuwa yameandikwa popote. Walianza na simu, wakafuata meseji za wateja waliolipa kwa njia hiyo. Waliolipa mkononi walikuwa taabu.

"Kulikuwa na kochi la kijani," mkewe alisema.

"La nani?"

"La kijani tu."

"Lile la mwalimu," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Lilikuwa gumu kama sakafu. Likafuata la yule mama wa duka, lile nililopatia usingizi. Halafu viti viwili vya zahanati, vyembamba, vya watu wasio na nyama."

Alikuwa amekalia kila kitu kilichotoka katika nyumba ile, na mwili wake ulikumbuka. Sponji aliandika. Bibi aliendelea kutaja mpaka uji ukapoa.

Jumatatu walikwenda wote watatu. Bibi alikataa kubaki. Alisema habari inayomhusu hataki kuletewa.

Dawatini kulikuwa na karani wa kike, miwani imemtelemka puani. Aliwavutia viti. Sponji alimweleza kila kitu, hata habari ya cherehani. Karani hakucheka.

"Wengi wanakuja hapa wameshauza kitu," alisema. "Wewe umewahi. Tuanze."

Alimwonyesha kwenye kompyuta, hatua kwa hatua. Namba ya siri alimwachia aiandike mwenyewe, naye akageuza uso. Kwanza waliandika mapato yote ya makochi. Kisha gharama za kazi, yaani sponji, vitambaa, misumari, umeme wa karakana.

"Na chakula cha nyumbani?" Sponji aliuliza.

"Hicho si gharama ya kazi. Hata kama unakula karibu na kochi."

"Malipo ya Mama nayaweka kwenye mapato yangu?"

"Hapana. Hayo ni yake, si biashara yako. Usiyachanganye."

"Na mshahara wa mke wangu? Yuko kwa dobi, wanamkata kodi kila mwezi."

"Mwajiri amkabidhi taarifa ya makato. Alete hapa, tutaangalia lake peke yake."

Karani alibonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo.

"Faida yako ni ndogo. Haifiki kiwango cha kutozwa. Kodi unayodaiwa ni sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri."

"Sasa kama ni sifuri, mlikuwa mnanitakia nini?"

"Sifuri nayo inaandikwa, baba. Ukinyamaza, sisi hatujui kama huna au umeficha."

Sponji aliwaza kidogo, akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo la haki.

"Sehemu ya mwisho," karani alisema. "Mzee unayemtunza ni nani wako?"

"Mama yangu."

Karani alitazama majina. "Hapa naona ni mama wa mkeo."

"Ndiyo huyohuyo."

"Natakiwa kuandika ilivyo. Kompyuta ina baba, mama, mtoto, na mwingine. Mkwe hayumo. Itabidi tuchague mwingine."

Sponji alikunja uso. "Mwingine? Kama mpita njia?"

"Chini yake kuna nafasi ya maelezo. Andika wewe mwenyewe unavyotaka, mradi iwe kweli."

Sponji alivuta kibodi. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Bibi alikuwa amekaa nyuma yake. Hakuweza kusoma maandishi yale madogo.

"Ameandika nini?" Bibi alimuuliza binti yake.

Mke wa Sponji aliinama akasoma.

"Ameandika, 'Mama mkwe wangu. Anaishi kwangu. Haondoki.'"

Bibi alinyoosha mkono akamtoa Sponji chembe ya sponji nyuma ya sikio.

Karani alibonyeza kitufe cha kutuma, akawachapia stakabadhi. "Itunze hii. Mwakani usingoje mwisho wa mwezi. Na kanuni zinaweza kubadilika tena, kwa hiyo redio ikisema neno usilolielewa, njoo uulize. Kuuliza hakutozwi."

Ewe msomaji, kanuni za kwenu huenda si hizi za kwa Sponji. Nenda ofisi ya kodi ya kwenu uulize. Usimuulize jirani aliyesikia kwa jirani. Uliza mapema, hata kama unajua huna pesa ya kulipa. Hasa kama huna.

Siku hizi karakanani kuna msumari ukutani, na kila risiti inatungwa pale siku inaponunuliwa bidhaa. Mkewe ana daftari, na kila kochi linalotoka linaandikwa na bei yake. Mwaka uliofuata Sponji alituma marejesho mapema, kisha akaenda kumuuliza msusi kama naye ametuma.

Malipo ya Bibi yalifunguliwa wiki iliyofuata baada ya siku ile ya ofisini, pamoja na yale yaliyosimama. Dawa zikanunuliwa, na sukari. Lakini furushi Bibi hakulingojesha mpaka pesa ziingie. Alilifungua jioni ileile waliporudi. Alitandika mashuka yake, akarudisha sufuria jikoni, akamwita mkwe wake aje amsaidie kuvua viatu.