Pasipoti ya Marehemu Kondo

Hakuna mtu aliyewahi kumponyoka Telesphory. Hakuna! Haya basi, mmoja, na huyo alimponyoka kwa kufa. Tusigombane.

Redio ya Land Rover ilikoroma akipandisha vilima vya Kisarawe, ikamwita kwa jina lake la kazi.

"Twiga, marehemu anasafiri."

"Marehemu gani?"

"Kondo Hemedi, mzaliwa wa Chole hiyo hiyo ya Kisarawe. Ana pasipoti, viza na kadi ya manjano ya chanjo. Ana pia filamu ya picha za daraja la Ruvu. Akipanda ndege jioni hii, daraja halimalizi mwezi."

Telesphory alikanyaga breki.

Alimzika Kondo kwa mikono yake, mwaka jana, vitani, ng'ambo ya Mto Kagera. Tangu hapo Kondo hakukoma kumtembelea. Akinyoa ndevu, Kondo yumo kwenye kioo, nyuma ya bega, anacheka.

"Pasipoti haitoki hivi hivi," alisema. "Inataka cheti cha kuzaliwa, barua ya balozi wa nyumba kumi, na mzazi aape kwamba huyu ni wangu."

"Mama yake ameapa. Huyo mtu amejificha kwake mpaka saa ya ndege. Maliza."

Chole.

Nyumba ya udongo. Volkswagen ya bluu uani.

Ndani, kijana wa suti ya Kaunda alikuwa akinywa chai ya Bi Mwanakheri. Telesphory alipapasa bastola yake ya Browning kiunoni, akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu? Macho yangu haya hayaoni hata kuku mlangoni."

"Mpita njia. Mnyamwezi wa Tabora."

"Aa, mtani! Karibu. Huyu mwanangu Kondo, karudi toka vitani. Ulimjua huko?"

Telesphory alitazama jivu la jikoni.

"Sikumjua, mama."

Akamgeukia kijana. "Kumbe Mzaramo! Nyie tuliwanunua kwa bakuli la chumvi, na chenji tukarudishiwa."

Mzaramo yeyote angecheka, akamtukania babu yake mpaka kaburini. Huyu uso ulimwiva. Mkono ukaenda kiunoni.

Teke moja!

Bastola ya kijana, Walther, ikaangukia jivuni. Pingu zikalia kach.

Filamu ilikuwa ndani ya kopo la Kiwi. Pasipoti ilikuwa mfukoni: sura ya mgeni, jina la Kondo.

"Mama, huyu si mwanao."

"Ningejuaje, baba, kipofu mimi? Kaja, kaniita mama, nikaitika. Mwaka mzima hakuna aliyeniita."

Telesphory alimsukumiza mateka garini. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akazunguka gari taratibu, kama mtu aliyetoka kununua sigara.

"Baba!"

Bi Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo saa ya Seiko uliyovaa ina ufa palepale alipoipasua Kondo akiangua nazi."

Telesphory akaficha mkono nyuma, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Usiifiche, nimeshaiona," alisema yule kipofu. "Mwanangu umemlaza wapi?"