Ndoo ya Rangi Iliyonikosesha Ndoa

Nina miaka thelathini na moja, sina mume, sina mtoto, na wa kulaumiwa ni mimi. Nasema hivyo mapema ili mtu asinipe pole kabla hajanisikia. Pole zenu mtanipa mwishoni, kama mtaona nastahili!

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa muuzaji kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro mjini, kaunta ya rangi. Mteja anachagua rangi kwenye kitabu, au analeta sampuli, wewe unaisoma kwa mashine, unachanganya. Kisha unapaka kidogo kwenye karatasi, unakausha mbele ya feni, unalinganisha, maana rangi mbichi ikikauka hubadilika. Ni dakika kumi tu... dakika kumi ambazo mimi nilikuwa naziona mzigo.

Nilikuwa najisikia, jamani! Kucha ndefu, sare imenikaa, na mafundi wa mjini wananibembeleza. Aliyeshuka kwenye gari nilimkimbilia, mwenye ndala alisubiri. Bosi alinionya mara mbili, na mara zote mbili nilisonya alipogeuka.

Na nilikuwa na Deo. Mwalimu wa sekondari, Mluguru wa mlimani, Mkatoliki mwenzangu, mwanaume asiyejua hata kupandisha sauti. Washenga walikuwa waje nyumbani kwetu Kihonda Jumamosi na barua ya posa. Deo aliwahi kuniambia kwamba kwao mwenye neno si baba, ni mjomba, kaka wa mama. Tena kwa kuwa mama yake alishafariki, huyo mjomba ndiye aliyekuwa kila kitu kwake. Nikamuuliza, je, atanipenda? Deo akacheka, akasema mjomba hana makuu.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo akaingia dukani mzee mmoja. Mlimani mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mabuti yake ya mpira yalijaa tope. Mkononi alishika kipande cha plasta ya ukuta, amekifunga kwenye nailoni kama mtu aliyebeba yai.

Sikumwamkia! Mimi, niliyefundishwa shikamoo kabla sijajua kufunga viatu! Yeye ndiye aliyeanza. "Habari za kazi, mwanangu?" Nikamwonyesha kiganja, yaani subiri. Nilikuwa kwenye simu nachati na Deo kuhusu gauni la harusi. Akaja mkandarasi nikamhudumia, akaja mwingine nikamhudumia. Mzee kasimama tu, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Haya babu, unataka nini?"

Akafungua nailoni yake taratibu. Akasema anataka rangi kama ile. Ilikuwa ya chumba cha marehemu dada yake, mwenyewe aliichagua enzi za uhai wake. Mvua imeharibu ukuta mmoja, na kuna mtu wa heshima anakuja kukaa mle.

Kile kipande sikukiweka hata kwenye mashine. Chini ya kaunta kulikuwa na ndoo aliyoikataa mteja mwingine, na bosi alikuwa ananisumbua niiondoe. Niliichungulia, nikaona zinafananafanana. Nikamwambia ndiyo yenyewe. Akaniomba nimpakie kidogo kwenye karatasi, aone ikishakauka.

"Babu, fundi ni wewe au mimi?"

Akanitazama. Nikajisemea, mshamba kashangaa kucha zangu. Akalipa, akabeba ndoo yake, akaondoka.

Jumatano akarudi na ile ndoo. Akasema kwa upole kwamba ukuta umekauka ukawa kama uji wa ulezi, na zile kuta tatu nyingine ni kijani cha majani machanga. Akaweka kile kipande cha plasta juu ya kaunta, akaniomba nijaribu tena, hata kama ni kesho. Wateja walikuwa wamejaa. Nilijua nimekosea! Lakini kukubali mbele za watu? Mimi? Thubutu!

Nikampigia kelele. Nikamwonyesha tangazo ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia, "Nyie watu wa mlimani mnachanganya rangi na maji ya mtoni, halafu mnakuja kutusumbua sisi!" Watu wakacheka, nami nikanogewa. Nikamwita mlinzi amtoe nje.

Mzee hakubishana. Akainama, akachukua ndoo yake, akasema, "Ahsante, mwanangu." Kipande chake cha plasta akakisahau palepale.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa ameazima viti kwa majirani, pilau inanukia mpaka barabarani, na baba kavaa koti alilofungia ndoa. Nikaitwa ninawishe wageni mikono. Nikatoka na jagi na beseni, kitenge kipya, macho chini kama bibi harusi mtarajiwa. Nikapiga magoti kwa wa kwanza, nikapiga magoti kwa mshenga. Nikafika kwa wa tatu, nikainua macho...

Alikuwa yeye! Mabuti hayapo, kavaa suti ya kijivu na rozari shingoni, lakini ni yeye. Deo, aliyekuja nao, akasema kwa furaha kabisa, "Huyu ndiye mjomba."

"Shikamoo," nikasema. Maji yakamwagika kwenye suti yake.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa sauti ileile ya kaunta.

Walikula. Mimi nilikuwa jikoni nimeegemea ukuta, nasali sala zote nilizozijua. Baba akakohoa, akawakaribisha waseme kilichowaleta. Mshenga akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti. Mjomba akamtikisia kichwa, akasimama. "Sisi tumekuja kusalimia, tufahamiane. Tumekula, tumeshiba, Mungu awabariki."

Basi! Wakaaga. Barua haikutoka. Mama alibaki anatazama mlango kama kuna mtu atarudi, na majirani waliotuazima viti walikuwa wamesimama uani wanasikiliza kila kitu.

Kesho yake, baada ya misa, Deo akaja. Macho mekundu. Hakukaa.

"Wewe na mjomba mlishawahi kuonana kabla ya jana?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojimaliza. Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni! Nikaogopa kumpoteza... nikasema, "Hapana. Ningemwona wapi?"

"Kabisa?"

"Kabisa, haki ya Mungu!"

Deo akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati. Barua yangu ya posa! Akasema mjomba amemkabidhi jana na hakumweleza lolote, ila alimwagiza aniulize swali hilo moja tu. Nikisema ndiyo, barua aipeleke kwa baba palepale. Nikisema hapana, airudishe.

"Mimi ndiye niliyemwelekeza dukani kwako," akasema. "Nilimwambia rangi ya chumba chetu akachukue kwa mchumba wangu, na aliporudi na ndoo alisema ni wewe uliyemuuzia. Nilitaka nikushtukize."

Nililia, nikamshika miguu, nikaeleza yote. Akasema, "Ungesema dakika moja iliyopita." Akaondoka.

Wiki iliyofuata nilichukua kile kipande cha plasta. Nikakisoma kwa mashine, nikachanganya, nikakausha mara tatu, mpaka huoni tofauti. Nikapanda mlima na ndoo kichwani, kucha nimekata. Mjomba alinipokea, akanipa maji na ndizi mbivu. Nikamuuliza kwa uchungu, kwa nini hakujitambulisha? Kwa nini alinitega?

"Kwetu mjomba hajitambulishi kwa mkwe kabla ya barua," akasema. "Sikuja kukutega, mwanangu. Nilikuja kununua rangi."

Nikamwomba anisemee kwa Deo. Akasema yale ya dukani alishayasamehe siku ileile, hata Deo hakumwambia; alitaka ayasikie kwangu mwenyewe. Uongo niliomwambia Deo, huo hakuwa na mamlaka ya kuusamehe, ni wa Deo mwenyewe.

Na Deo hakusamehe. Mwaka jana alioa msichana mmoja wa Turiani. Wanaishi kwenye kile chumba, kuta nne za kijani, mmoja wake kwa rangi niliyoichanganya kwa mikono yangu. Naambiwa imependeza sana. Hongera zao!

Nawachukia? Kuna siku ndiyo, nisiwadanganye. Siku nyingine namchukia yule msichana wa kaunta, lakini huyo naamka naye kila asubuhi.

Dada yangu, kaka yangu, wewe uliyepewa kaunta, au dirisha, au kiti cha kuzunguka... mteja akija na tope lake, mwamkie. Ukikosea, sema nimekosea, hata kama duka zima linakusikiliza. Na kama ulishamtukana mtu, ukaja kuulizwa na anayekupenda, tafadhali, nakuomba, sema ndiyo. Mimi niliulizwa mara mbili, na mara zote mbili nilisema hapana.